Meno Bandia Hayaozi, Kinywa Ndicho Kinachougua

Mzee aking'olewa jino la mwisho, nyumbani hupewa pole na pongezi kwa pamoja. Amemaliza. Hakuna tena kukesha ameshika shavu, hakuna foleni ya kung'oa, hakuna kumtuma mtoto duka la dawa usiku. Akishavaa seti nzima ya meno bandia, juu na chini, anajiona ameagana na daktari wa meno moja kwa moja. Kaa na wavaaji wa meno hayo hapa Dodoma, iwe Chang'ombe, Kikuyu au huko Kongwa na Mpwapwa, na utasikia maelezo yaleyale: haya ni ya plastiki, hayaozi. Ni kweli tupu. Na kwa sababu ni kweli, wengi huyasuuza kwa kikombe cha maji asubuhi, wakayarudisha mdomoni, na wasiyatoe tena mpaka kesho yake.

Hawa si watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 23 ya watu wenye miaka 60 na zaidi duniani hawana jino hata moja. Si wote wanaopata meno bandia, lakini anayeyapata huvaa kitu ambacho mara nyingi alielezwa namna ya kukitunza mara moja tu: siku ile ya kukabidhiwa, mdomo umejaa mate, ulimi unapambana na kitu kigeni, na mawazo yote yako kwenye kioo. Maelezo ya siku hiyo hayakai kichwani.

Kwanza tuelewe kwa nini hayaozi. Ile sehemu ya waridi inayokaa juu ya ufizi na kaakaa hutengenezwa kwa akriliki, plastiki ngumu iliyoanza kutumika kwenye meno bandia mwishoni mwa miaka ya 1930. Jino la asili huoza kwa sababu bakteria hula sukari, hutoa asidi, na asidi huyeyusha madini ya jino. Akriliki haina madini hayo, kwa hiyo haina cha kuyeyushwa. Lakini ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, inafyonza maji na mate, na upande wake wa ndani haung'arishwi kama wa nje. Hilo halitokani na uvivu wa fundi. Upande wa ndani lazima ubebe alama ya kila mkunjo wa kaakaa la mvaaji. Ukisuguliwa mpaka ung'ae, meno hayatashika. Basi kuna uso wa nje, laini, unaoonekana, ambao watu huupigia mswaki kwa bidii, na kuna uso wa ndani, wenye mikwaruzo, usioonwa na mtu, unaogusa mwili kutwa. Uchafu wenye madhara unakaa huko ndani.

Uchafu wenyewe ni ukoga uleule wa meno ya asili: utando wa mate, mabaki ya chakula na vijidudu, unaoanza kujijenga saa chache baada ya kusafisha. Miongoni mwa vijidudu hivyo yumo fangasi aitwaye Candida albicans, ambaye huishi vinywani mwa watu wengi wazima bila kuwasumbua. Mate ndiyo yanayomdhibiti, kwa kusafisha kinywa kila tunapomeza. Chini ya sahani ya meno ya juu, yaani ile sehemu ya waridi inayofunika kaakaa, mate hayapiti. Kuna joto, kuna unyevu, kuna chakula. Fangasi huyo huzaliana, na ngozi laini ya kaakaa huvimba na kuwa nyekundu.

Ugonjwa huu una tabia mbaya: mara nyingi hauumi. Mtu anaweza kuishi nao miaka. Namna rahisi ya kuujua ni kuvua meno ya juu, kusimama mbele ya kioo, kupanua mdomo na kumulika kwa tochi ya simu. Kaakaa lenye afya lina rangi moja ya waridi iliyopauka kidogo. Kaakaa lililoathirika lina wekundu wenye mpaka: unafuata ukingo wa meno bandia, unaishia pale yanapoishia, kana kwamba umechorwa. Nyuma ya mpaka huo rangi inarudi kuwa ya kawaida. Ukiuona wekundu wa namna hiyo, huna haja ya kusubiri maumivu ndipo uende hospitali.

Dalili nyingine huonekana na kila mtu lakini husingiziwa kitu kingine. Kona za mdomo hupasuka, zikauma mtu anapopiga mwayo au kula ndimu. Hapa Dodoma, mwezi wa sita na wa saba, upepo mkavu na baridi hupasua midomo ya kila mtu, basi mzee hujipaka mafuta na kungoja majira yabadilike. Mpasuko wa upepo hupona. Mpasuko unaorudi kila baada ya wiki chache kwenye kona zilezile mbili unaweza kuwa fangasi waliotoka kwenye meno bandia, hasa kama meno yamechakaa na kufupisha uso, kona zikawa zinajikunja na kulowa mate muda wote.

Sasa usiku, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha jambo zima. Mtu anaweza kusafisha vizuri sana na bado akawa na kaakaa jekundu kwa sababu tu analala nayo. Usiku mate hupungua. Ufizi ambao kutwa umebanwa haupati nafasi ya kupumzika. Na kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia kwa miaka 3 wazee 524 wa Tokyo, Japani, wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Waliokuwa wakilala na meno bandia walipata nimonia, ile ya kulazwa au kufa, takriban mara mbili zaidi ya wasiolala nayo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba meno ndiyo yaliyoleta nimonia, lakini njia inaeleweka: mzee aliyelala hupaliwa na mate kidogo kidogo bila kujua, na mate yaliyopita juu ya ukoga wa usiku kucha huingia kifuani na vijidudu vyake.

Ukimwambia mzee haya, atakubali kwa kichwa. Kisha usiku atalala nayo. Wengi hawafanyi hivyo kwa kutojua. Wanaona aibu. Kuvua meno ni kuonekana na mashavu yaliyobonyea, sauti ikabadilika, "s" ikawa upepo. Bibi aliyeolewa akiwa na meno yake yote hataki mumewe amwone hivyo hata baada ya miaka 40. Nyumba zetu nyingi hazina chumba cha mtu mmoja. Bibi analala na wajukuu wawili, na mtoto wa miaka 5 hawezi kunyamaza akiona meno ndani ya kikombe. Bomba liko uani, na uani kuna wapangaji. Basi mtu husafisha alfajiri kabla hawajaamka, haraka haraka, kwa kificho, na kazi ya kificho haiwezi kuwa kamili.

Ushauri wa "vua meno usiku" unaoishia hapo haujamsaidia mtu huyu. Anachohitaji ni kikombe kisichoonyesha kilichomo, chenye mfuniko (kontena lolote dogo la plastiki linatosha, na vumbi la kiangazi cha Dodoma linadai mfuniko kwa vyovyote), na mahali pa kukiweka ambapo mkono wa mtoto haufiki. Avue taa ikishazimwa. Kama hata hilo haliwezekani, basi avue mchana, saa anazokuwa peke yake: wengine wakiwa shamba, sokoni au shuleni. Ufizi unataka saa kadhaa za kupumua kila siku, takriban 6 mpaka 8. Usiku ni bora kwa sababu tulizoziona, lakini saa chache za mchana ni bora kuliko kutovua kabisa.

Nyumbani kuna suala la nani asaidie mzee anapokuwa mdhaifu. Mara nyingi kazi hutupiwa mkaza mwana. Kwa desturi zetu za heshima kati ya wakwe, kumwomba baba mkwe avue meno mbele yake, kisha ayashike kwa mkono, ni kuwatesa wote wawili. Baba atasema yameshasafishwa, naye hatathubutu kubisha. Mjukuu je? Babu na mjukuu wana utani wao. Mjukuu wa miaka 14 anaweza kusema, "Babu, lete hayo meno niyaogeshe," babu akacheka na kuyatoa. Aibu iliyowashinda watu wazima huishia hapo. Nadhani familia nyingi zingeokoa mengi kwa kumpa kazi hii mtu ambaye mzee tayari hutaniana naye.

Kwenye usafishaji wenyewe, fundo kubwa ni dawa ya meno. Watu wanaona ni busara kuyapiga meno bandia kwa dawa ileile ya mswaki, tena nyingi, tena kwa nguvu. Dawa ya meno ina chembechembe za kukwangua, zilizopangwa kwa enameli, lile gamba gumu la nje la jino la asili, na enameli ni ngumu zaidi ya mara kumi kuliko akriliki. Kilichokuwa kikisugua enameli bila madhara huacha michirizi kwenye akriliki, na kila mchirizi ni makazi mapya ya ukoga. Ni kama kikombe cha plastiki kilichosuguliwa kwa steeliwaya: kinatoka cheupe siku hiyo, halafu kinashika rangi ya chai kuliko zamani. Mkaa wa kusaga, majivu na chumvi ya mawe, vitu ambavyo wazee wetu wamevitumia kwa meno ya asili, vinakwaruza zaidi.

Kinachofaa ni cha bei nafuu kuliko dawa: sabuni ya kawaida na mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo. Sabuni ya mche inatosha, au ya maji ya kuoshea vyombo. Utaratibu wa watu wazoefu ni huu. Weka beseni lenye maji kidogo, au tandika taulo chini ya mikono, kwa sababu meno yenye sabuni huteleza na yakigonga sakafu ya saruji hupasuka. Shika seti ya chini katikati, upande mmoja. Ukiikamata ncha zote mbili na kubana, inaweza kuvunjika mkononi. Anza na upande wa ndani, ule unaokaa kwenye kaakaa na ufizi, upitie mikunjo yote mpaka kidole kikipita kisihisi utelezi. Utelezi ndio kipimo. Meno yanaweza kung'aa na bado yakateleza, na hapo ukoga haujatoka. Ukimaliza, suuza sana. Sabuni iliyobaki huwasha.

Kisha kuna kinywa chenyewe, ambacho husahaulika kwa kuwa hakina meno. Ufizi, kaakaa na ulimi vifutwe kwa kitambaa safi chenye unyevu au mswaki laini, mtu asukutue, ndipo arudishe meno. Baada ya kila mlo, kuyavua na kuyasuuza ni dakika moja tu. Mlenda haubakii sana. Zabibu za hapa kwetu zenye mbegu, ufuta na chenga za karanga ndizo zinazoingia chini ya sahani na kuchoma.

Maji yetu nayo yana la kusema. Dodoma imetegemea kwa miaka mingi maji ya visima, hasa vya Makutupora, na anayechemsha maji hapa anajua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Maji yenye chumvichumvi za namna hiyo yanaweza kuacha utando mgumu juu ya meno bandia yanayolowekwa kila usiku, na madini ya mate yenyewe huongezea, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Mswaki hauung'oi. Watu huchukua kisu au wembe, na huo ndio mwanzo wa kuharibu. Siki nyeupe, nusu kwa nusu na maji, ikiachwa kama nusu saa, hulainisha utando huo kisha unatoka kwa mswaki. Ukiwa mnene mno, mpelekee mtaalamu.

Wapo pia wanaoogopa floridi, kwa kuwa wamekulia Singida au maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yamewapaka watu meno ya kahawia. Hofu hiyo iondoke. Floridi hubadilisha rangi ya jino wakati linapoumbwa ndani ya taya la mtoto. Haina njia ya kuligeuza jino la plastiki. Lakini naelewa inakotoka. Mtu aliyeficha meno ya kahawia tangu utotoni, akapewa meupe akiwa na miaka 60, atayasugua mbele mpaka yachakae ili weupe usiondoke. Kinachoyabadilisha rangi ni chai ya rangi, kahawa, sigara na ugoro, na dawa yake ni kusafisha mara kwa mara kwa upole.

Maji ya moto hayafai. Kuchemsha vyombo vya mtoto kunaua vijidudu, basi mtu anafikiri ayachemshe na meno. Joto kali huipinda akriliki, na meno yaliyopinda hata kidogo hayarudi kukaa mahali pake. Kuyaacha makavu juu ya meza ni kosa lingine, kwa kuwa yakikauka yanaweza kubadilika umbo. Usiku yakae ndani ya maji ya kawaida, na maji hayo yamwagwe kila asubuhi. Najua ndoo ya maji ina thamani kwenye nyumba isiyo na bomba. Glasi moja inatosha, na maji ya jana yana vijidudu vya jana.

Kuhusu jiki, jibu si ndiyo wala hapana. Kemikali yake inaua fangasi vizuri, na miongozo iliyotolewa mwaka 2011 na chama cha wataalamu wa meno bandia wa Marekani inaruhusu kuloweka kwa muda usiozidi dakika 10. Kinachoharibu ni kuiacha usiku kucha: rangi ya waridi hupauka. Kijiko kimoja au viwili vya chai kwenye glasi ya maji baridi, dakika 10 kwa kuangalia saa, kisha kusuuza sana na kuloweka kwenye maji safi, inatosha pale ambapo kuna fangasi. Kama meno yana chuma ndani yake, usiitumie kabisa kwa kuwa inakula chuma. Na kamwe usichanganye jiki na siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Vidonge vya kutoa povu vinavyouzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa vinasaidia, lakini ukoga haufutiki kwa povu peke yake, mswaki bado unahitajika. Visimezwe, wala maji yake yasitumike kusukutua.

Mtu akishapata fangasi, dawa ya kinywani peke yake haitoshi. Akimaliza tembe au jeli, kisha akarudisha meno yaleyale yasiyosafishwa, amewarudisha fangasi nyumbani kwao. Vyote viwili vitibiwe siku zilezile. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kupewa jeli ya mikonazoli, kwa sababu inaongeza nguvu ya warfarini na kuleta hatari ya kutoka damu. Wenye kisukari, wenye kinga dhaifu na wale ambao dawa zao huwakausha mdomo, kama baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hupata fangasi kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kwao usiku bila meno si jambo la kujadili.

Kuna mtu atafanya haya yote na bado kaakaa likabaki jekundu au ufizi ukatoka vidonda. Huyo asilaumiwe kuwa mchafu. Mfupa wa taya uliokuwa ukishika mizizi huendelea kupungua baada ya meno kung'olewa. Utafiti uliowafuatilia wavaaji kwa miaka 25, uliochapishwa mwaka 1972, ulikuta taya la chini likipungua takriban mara nne kuliko la juu. Taya linabadilika, meno hayabadiliki. Yakilegea yanachezacheza, yanachubua na kukusanya chakula chini yake. Hakuna sabuni ya kutibu hilo. Daktari anaweza kuyajazia upande wa ndani yakae upya, au kusema yamekwisha, na baada ya miaka 5 hadi 10 mengi huwa yamekwisha. Wanaoyakaza kwa gundi ya viatu waache. Gundi hiyo ni sumu na huharibu umbo la ndani kabisa. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2 kionwe na daktari haraka, hata kama mtu ana hakika ni meno tu yamemchubua, kwa sababu saratani ya kinywa inaweza kuanza hivyohivyo, kimya. Ndiyo maana asiye na jino hata moja bado anapaswa kuonwa mara moja kwa mwaka, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Benjamin Mkapa au kituo kilicho karibu chenye huduma ya meno.

Jambo la mwisho ni la wanaouguza. Mzee akilazwa, meno huvuliwa, hufungwa kwenye karatasi laini na kuwekwa juu ya kabati la kitanda, na mfanya usafi anayeona karatasi iliyokunjwa huitupa. Nendeni hospitali na kontena lake lenye mfuniko, jina la mgonjwa likiwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu isiyofutika, na mwambieni muuguzi wa zamu kwamba mgonjwa anavaa meno bandia na ni ndugu gani atakayeyasafisha kila jioni.